Gari Lisiloonekana Lisikanyage Njia ya Ndege

Nasema mapema ili tusipotezeane muda: ndege ikigonga gari katikati ya njia ya kurukia, wa kwanza kuitwa kujibu maswali asiwe dereva. Aitwe kwanza mkuu wa kiwanja aliyelipeleka gari lile uwanjani bila kifaa cha kulionyesha mnarani. Afuate aliyepanga zamu ya usiku akamwacha mwongoza ndege mmoja afanye kazi ya watu watatu. Afuate aliyepitisha bajeti akafuta fungu la taa za kuzuia magari kuingia njiani, kwa kuwa katika kipindi chake msiba ulikuwa haujatokea. Dereva naye ataitwa, wala simwombei msamaha wa bure. Ila apange foleni, na mahali pake ni nyuma.

Hasira hii ina sababu. Kwa karibu miaka hamsini dunia imezika watu waliokufa kwa namna ileile. Ripoti zimeandikwa zikitaja chanzo kilekile, dawa ileile imependekezwa, kisha imefungiwa kabatini. Na nchi zilizozika watu hao nyingi si maskini. Ni Kanada, Urusi, Marekani, Italia na Japani. Kwa hiyo hoja ya umaskini tuiondoe mezani sasa hivi. Kinachokosekana ni mtu mwenye cheo anayejua kwamba gari likigongwa, cheo chake nacho kimekwenda.

Tuanzie Lima, mji mkuu wa Peru, Ijumaa ya tarehe 18 Novemba 2022. Mchana wa saa tisa, ndege ya LATAM aina ya Airbus A320neo, yenye abiria 102 na wafanyakazi 6, ilipewa ruhusa ya kuruka kwenda Juliaca. Marubani wakaongeza nguvu ya injini, ndege ikakata mbio. Wakati huohuo magari ya zimamoto yalitoka kituoni kwao kwa kasi na kuingia kwenye njia ileile. Hapakuwa na moto popote. Lilikuwa zoezi la kupima wazimamoto wangetumia muda gani kufika njiani. Ndege ikalikumba gari la mbele, magurudumu ya upande wa kulia yakavunjika, ikaserereka huku ikiwaka moto. Abiria wote walitoka hai. Wazimamoto wawili walikufa palepale, na wa tatu akafariki baadaye kwa majeraha.

Watu waliofundishwa kuokoa abiria wa ndege waliuawa na ndege, katika zoezi la kupima wepesi wao wa kuokoa. Atakayeniambia hiyo ni bahati mbaya nitamkatalia mbele ya watu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka zimamoto wafike sehemu yoyote ya njia ndani ya dakika tatu, na linahimiza ziwe mbili. Kanuni hiyo ni njema na imeokoa roho nyingi. Lakini kuipima wakati njia iko wazi na ndege za abiria zinaruka ni uamuzi uliofanywa ofisini, mezani, na watu waliokuwa na kalenda mbele yao. Wangeweza kufunga njia kwa nusu saa. Wangeweza kuchagua saa isiyo na ndege. Hawakufanya hivyo.

Baada ya ajali ndipo ikaanza mechi ya kurushiana mpira. Kampuni inayoendesha kiwanja ilisema zoezi lilikuwa limeidhinishwa. Shirika la serikali linaloongoza ndege likasema hakuna aliyeruhusu magari kuingia njiani. Uchunguzi ulionyesha kwamba pande hizo hazikuwa zimepanga jambo lile kwa pamoja ipasavyo, na kwamba mazungumzo ya redio hayakufuata lugha sanifu ya anga. Kila upande uliamini umeelewana na mwenzake, na hakuna aliyesimama kuuliza: ruhusa ya kufanya zoezi ndiyo ruhusa ya kukanyaga njia? Siku ile walioshikiliwa na vyombo vya dola walikuwa marubani, watu ambao ruhusa yao ya kuruka ilikuwa halali kabisa. Waliachiwa baadaye, lakini kitendo kile kilishasema yote. Msiba ukitokea, mkono wa dola humshika aliye karibu na moshi.

Wako wanaouliza: kweli dereva anashindwa kuiona ndege kubwa vile? Swali hilo huulizwa na watu waliozoea kuitazama ndege kutoka dirisha la jengo la abiria. Airbus A320 au Boeing 737 hugusa ardhi ikiwa na kasi ya kilomita kama 250 kwa saa, yaani karibu mita 70 kila sekunde. Njia ya kiwanja kikubwa ina upana wa mita 45 na zaidi. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa linahitaji zaidi ya sekunde tano kuivuka, na katika sekunde hizo ndege imeshakula mita 350. Usiku taa za ndege inayokuja huchanganyika na taa nyingine za uwanja. Dereva anayefuata njia kuelekea kule ndege inakoelekea ameipa mgongo. Ndani ya gari la zimamoto injini inanguruma, redio inasema, ving'ora vinalia. Rubani naye, macho yakiwa kwenye mstari wa kati, analiona gari kama nukta moja ya mwanga kati ya mamia ya nukta. Akiitambua, ameshachelewa. Tani 60 zinazokimbia kwa kasi ile hazina pa kukwepea.

Kwa hiyo macho ya dereva na macho ya rubani hayajawahi kutosha. Kinachookoa ni utaratibu unaohakikisha wawili hao hawakutani kamwe, na utaratibu ni kazi ya wakubwa.

Twende Cranbrook, mji mdogo magharibi mwa Kanada, tarehe 11 Februari 1978. Theluji ilikuwa ikianguka na dereva mmoja alikuwa njiani akiisafisha kwa gari maalumu. Kiwanja hakikuwa na mnara wa kuongozea ndege, kilikuwa na kituo cha redio tu. Makadirio yaliyotumwa na waongoza ndege wa Calgary yalisema Boeing 737 ya Pacific Western ingefika saa 7:05 mchana. Ilifika kama dakika kumi kabla, na wakati ikikaribia kutua hakuna taarifa iliyofika kiwanjani ikisema iko karibu hivyo. Ndege ikagusa ardhi, marubani wakaelekeza msukumo wa injini mbele ili kupunguza mwendo, ndipo wakaliona gari la theluji. Wakajaribu kuruka tena. Kifaa cha kugeuza msukumo katika injini ya kushoto hakikufunga sawasawa, ndege ikalalia upande na kuanguka kando ya njia. Walikufa watu 43 kati ya 49. Dereva alinusurika. Alikuwa mahali alipotumwa, akifanya kazi aliyotumwa, kwa saa aliyoambiwa kwamba ni salama.

Niambieni huyo ana kosa gani. Mtu huyo alipewa saa isiyo sahihi na mfumo ambao haukuwa na njia nyingine ya kumwonya. Makadirio yalipokosea, hakukuwa na kinga ya pili.

Miaka sita baadaye kinga ya pili ilikosekana tena, na safari hii watu walikufa mara nne ya wale wa Cranbrook. Alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 1984, mjini Omsk, Siberia, mvua ilikuwa ikinyesha na mawingu yameshuka chini. Wafanyakazi wa kiwanja waliomba ruhusa ya kwenda kuikausha njia. Kijana aliyekuwa zamu mnarani akawaruhusu, kisha usingizi ukamchukua. Alama ya kuonyesha kwamba njia ina watu hakuiwasha. Magari yakaendelea na kazi yakiwa na shehena ya mafuta ya mashine za kukaushia, taa zake za tahadhari zikiwa zimezimwa. Tupolev Tu-154 ya shirika la Aeroflot ikaja kutua. Marubani waliuliza kama njia ni tupu, wakajibiwa ni tupu. Walipoyaona magari, hapakuwa tena na la kufanya. Watu 174 waliokuwa ndani ya ndege walikufa pamoja na wafanyakazi 4 waliokuwa chini. Jumla 178. Walionusurika ni wanne wa chumba cha marubani na abiria mmoja.

Kijana alilala, ndiyo. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alikuwa baba wa watoto wadogo na alikuja kazini akiwa na uchovu wa siku kadhaa. Nani alimkabidhi zamu bila kumtazama usoni? Nani aliweka utaratibu ambao ndani yake usingizi wa mtu mmoja unatosha kuua watu 178? Nani aliruhusu magari yenye mafuta kukaa njiani bila taa, na bila mtu wa pili wa kukumbuka kwamba yako kule? Mahakama iliwafunga waliokuwa zamu kwa vifungo virefu, na serikali ya Kisovieti ikaufunika msiba kwa miaka mingi. Msiba ukifichwa, somo lake nalo hufichwa. Mkuu wa kiwanja cha mji wa jirani hakupata hata nafasi ya kujiuliza kama kwake hali ni ileile.

Naweza kuendelea. Mexico City, 31 Oktoba 1979: DC-10 ya Western Airlines ilitua alfajiri, katika ukungu, kwenye njia iliyofungwa kwa matengenezo, ikalikumba lori. Watu 73 walikufa, dereva wa lori akiwa mmoja wao. Sioux Falls, Marekani, Desemba 1983: DC-9 ya Ozark ilitua ikagonga gari la kusafisha theluji na dereva wake akafa. Vnukovo, Moscow, usiku wa 20 Oktoba 2014: ndege ndogo aina ya Falcon iliyokuwa ikiruka iligonga gari la theluji lililoingia njiani. Alikufa mkuu wa kampuni ya mafuta ya Total, Christophe de Margerie, na wote watatu waliokuwa wakiihudumia ndege hiyo. Kwenye meza ya kuongoza ndege alikuwapo mwanafunzi wa kazi. Na hapo pia vichwa vya habari vilimkimbilia dereva.

Ndiyo maana sikubali ripoti inayofika kwenye maneno "makosa ya kibinadamu" na kuweka nukta. Hicho ni kichaka cha wakubwa kujifichia. Binadamu hukosea kila siku: dereva hupotea kwenye ukungu, mwongoza ndege husahau, rubani husikia alichotarajia kusikia. Hayo yanajulikana tangu ndege ya kwanza iruke. Anayejua kwamba mtu atakosea, akapewa mamlaka na fedha za kuweka kinga, kisha asiiweke, kosa limehamia kwake.

Na kinga zipo. Zimebuniwa, zimejaribiwa, zinauzwa. Kuna kifaa cha kurusha ishara kinachofungwa kwenye gari, kiitwacho transponda, ambacho huliweka gari kwenye skrini ya mwongoza ndege kwa jina na mahali lilipo. Bei yake ni kitu kidogo mno ukiilinganisha na bei ya gari la zimamoto lenyewe. Kuna rada ya ardhini inayofuatilia kila kinachotembea uwanjani na kupiga kelele vitu viwili vinapoelekea kukutana. Kuna safu ya taa nyekundu zinazochimbiwa ardhini pale gari au ndege inapotakiwa kusimama kabla ya kuingia njiani. Zikiwaka, hupiti, hata kama sikio lako limekuambia umeruhusiwa. Zipo pia taa zinazojiwasha zenyewe njia inapokuwa na ndege, bila kumsubiri mtu wa mnarani azikumbuke. Marekani imezifunga katika viwanja vipatavyo 20.

Sasa tazameni kinga hizo zinavyotendewa. Linate, Milan, 8 Oktoba 2001: ndege mbili ziligongana njiani katika ukungu mzito, wakafa watu 118. Rada ya zamani ya ardhini ilikuwa imeondolewa na mpya ilikuwa haijaanza kazi. Taipei, 31 Oktoba 2000: ndege ya Singapore Airlines ilijaribu kuruka usiku wa dhoruba kwenye njia iliyofungwa, ikavamia mitambo ya ujenzi, wakafa watu 83. Kiwanja kikubwa vile hakikuwa na rada ya ardhini ya kumwonyesha mwongoza ndege kwamba ndege imekaa njia isiyo yake.

Halafu Haneda, Tokyo, 2 Januari 2024, kiwanja chenye kila kitu. Ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Noto iliingia njiani, rubani wake akiamini ameruhusiwa. Ilikaa pale kama sekunde 40. Airbus A350 ya Japan Airlines iliyobeba watu 379 ikatua juu yake. Watu watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa, na wale 379 wakatoka wote kwa nidhamu iliyoishangaza dunia. Skrini ya mnarani ilikuwa imebadilisha rangi kuonya kwamba njia imekaliwa. Ilionya, na onyo halikuonekana, kwa sababu halikuwa na mlio na hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kuikodolea macho. Taa nyekundu za kuzuia zilikuwa kwenye matengenezo. Hata zingekuwa nzima, utaratibu ulikuwa kuziwasha hali ya hewa inapokuwa mbaya tu. Baada ya vifo, Japani ikaweka mtu wa kuitazama skrini. Kwa nini baada ya vifo?

Tusidhani Marekani imepona. Kila mwaka nchi hiyo huandika matukio zaidi ya 1,500 ya ndege, gari au mtu kuwapo njiani pasipotakiwa, na takriban moja kati ya matano husababishwa na magari au watembea kwa miguu. Mengi huisha bila madhara. Minara ya kuongozea ndege nchini humo inazidi 500, lakini mtambo mkuu wa kufuatilia ardhi, ule uitwao ASDE-X, ulifungwa katika viwanja 35 tu. Kwingineko tegemeo kubwa ni macho na kumbukumbu ya mtu mmoja aliyeketi kwenye kiti kirefu, mwenye redio mbili na usingizi wa binadamu.

Kwa haki, Marekani hiyohiyo imewahi kuonyesha namna ya kuuliza swali vizuri. Tarehe 1 Februari 1991, huko Los Angeles, mwongoza ndege aliisahau ndege ndogo aliyoiweka njiani, akairuhusu Boeing 737 ya USAir itue juu yake. Watu zaidi ya 30 walikufa. Ingekuwa rahisi kumsulubisha na kufunga faili. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, ilikwenda mbali zaidi: ikaweka chanzo kwenye uongozi wa kituo ulioshindwa kuweka taratibu za kusaidiana na kukaguana, ili kosa la mmoja lidakwe na mwenzake. Uchunguzi wa namna hiyo unastahili jina lake.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: ajali hizi ni chache, usafiri wa anga ndio salama kuliko wote. Ni kweli ni salama, na usalama huo ulinunuliwa na watu waliopiga kelele baada ya kila mazishi mpaka kanuni zikabadilika. Ukiutumia kama sababu ya kunyamaza, unakula akiba uliyowekewa na marehemu.

La pili: gari la dharura haliwezi kusubiri vibali wakati ndege inaungua. Hoja hiyo ina uzito, na ninaiheshimu, kwa sababu wazimamoto hukimbilia pale wengine wanapokimbia. Lakini dharura ya kweli huja na hatua moja ya wazi: mnara unafunga njia, ndege zinazokuja zinaambiwa zipande tena, na gari linaambiwa kwa maneno kamili kwamba njia ni yake. Sekunde kumi za kulisema hilo na kulirudia neno kwa neno ndizo zinazowalinda haohao wazimamoto. Na Lima hapakuwa na dharura. Palikuwa na saa ya kupimia.

La tatu: fedha hakuna. Fedha za marumaru kwenye ukumbi wa wageni mashuhuri huwa zipo.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Entebbe au Bujumbura asidhani ninasimulia ya mbali. Kanuni ni zilezile, na ofisi ya ICAO ya ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika iko Nairobi. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kina njia moja. Kila ukaguzi wa lami, kila kuokota kipande cha mpira, kila kufukuza ndege wa porini hufanyika katikati ya ratiba ya ndege zinazotua na kuruka. Tanzania imefunga rada nne za kiraia, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na ni kazi ya kujivunia. Lakini rada hizo zinatazama angani. Gari lililopotea ukunguni chini ya mnara haliko katika kazi yake.

Tena angalieni mgawanyo wa mamlaka. Tanzania, mwenye kiwanja ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na mwenye mnara ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kenya nako ni mamlaka ya viwanja, KAA, upande mmoja na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, upande wa pili. Mgawanyo huo una sababu zake na sisemi ufutwe. Ila Lima ilivunjika kwenye mshono huohuo, kati ya mwenye magari na mwenye redio. Kila nchi yenye mabwana wawili uwanjani inapaswa kujua kwa maandishi, kwa jina na kwa saini, nani anajibu pale gari la bwana mmoja linapokanyaga njia inayoamriwa na bwana mwingine.

Viwanja vinajengwa na kupanuliwa kwa kasi katika ukanda wetu. Siku za uzinduzi tunasomewa idadi ya abiria kwa mwaka, urefu wa lami na fedha zilizotumika. Nataka mbunge mmoja wa Kamati ya Miundombinu asimame siku hiyo aulize maswali ambayo hayana picha nzuri. Magari mangapi yanaruhusiwa kuingia kwenye njia, na mangapi yana transponda? Dereva wa gari la ukaguzi anasikia masafa anayozungumza rubani anayetua, au kila mmoja yuko kwenye redio yake? Usiku wa manane kuna watu wangapi mnarani? Zoezi la mwisho la zimamoto lilifanyika njia ikiwa imefungwa au wazi? Asiridhike na jibu la "tunafuata viwango vya kimataifa". Lima nako kuna viwango vya kimataifa.

Madai yangu hayahitaji tume. Gari lisiloonekana kwenye skrini ya mnara lisiruhusiwe kukanyaga njia inayotumika, liwe la zimamoto, la ukaguzi, la mkandarasi au la mkuu mwenyewe. Pale ambapo skrini haipo, mnara ukifungua mlango kwa gari uifunge njia kwa ndege, bila kubahatisha mwanya. Kila aliye njiani, wa magurudumu na wa mabawa, awe kwenye masafa mamoja na lugha moja, ili dereva amsikie rubani akiruhusiwa kutua na apige kelele: niko hapa! Taa nyekundu za kuzuia ziwake usiku na mchana, kwenye jua na kwenye ukungu, kwa kuwa Haneda imeshatuonyesha gharama ya kuziweka kwa ajili ya ukungu peke yake. Mnara wenye ndege usiwe na mtu mmoja, na atakayekuja zamu amechoka arudishwe nyumbani kwa mshahara kamili, asifiche uchovu wake kwa kuogopa kukatwa posho. Zoezi la zimamoto lifanyike njia ikiwa imefungwa kwa tangazo rasmi, na karatasi yake isainiwe na wakuu wa pande zote mbili.

Na ripoti zichapishwe. Zichapishwe za ajali, na zaidi ya hizo, za siku ambazo ajali ilikosekana kwa mita chache, maana hizo ndizo zinazotufundisha bure. Dereva au mwongoza ndege atakayejitokeza kusema "leo nilikosea" alindwe na asifukuzwe, kwa sababu kosa likifichwa kwa hofu hurudi na majeneza.

Wakuu wa viwanja vyetu wana jambo moja ambalo wenzao wa Cranbrook na Omsk hawakuwa nalo: wameshaambiwa. Orodha ya waliokufa iko wazi, chanzo kiko wazi, dawa iko sokoni. Gari likigongwa kesho kwenye njia isiyo na taa, chini ya mnara wenye mtu mmoja, asije mtu mbele ya kamera kutuambia habari za uzembe wa dereva. Aje na barua ya kujiuzulu. Na anayeona madai haya hayawezekani asisubiri ajali, apishe leo, aingie anayeweza.